Jina Moja, Wazazi Wawili: Historia ya Ugomvi wa Klasi katika Java

Leo nimeweka kando mambo ya simu na bei za intaneti ili tuzungumze kuhusu Java. Najua wako vijana wanaosema Java ni lugha ya wazee. Sawa, lakini mifumo mingi ya benki, bima na hospitali ambayo tunapanga foleni mbele yake imeandikwa kwa lugha hiyo, kwa hivyo mambo yake yanatuhusu, tupende tusipende.

Kuna ujumbe mmoja wa hitilafu ambao karibu kila aliyehudumia seva za Java ameukuta. Unaitwa ClassCastException, na maneno yake kwa Kiswahili ni kama haya: klasi Mteja haiwezi kugeuzwa kuwa klasi Mteja. Hebu soma tena. Si Mteja na Akaunti, ni Mteja na Mteja! Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Mara ya kwanza nilipouona nilikuwa kwenye ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, saa tano usiku, na mwenzangu akaapa kwamba kompyuta imerogwa. Haikuwa imerogwa. Ujumbe ulikuwa unasema kweli tupu, na ukitaka kuuelewa inabidi urudi nyuma hadi 1995.

Kwa asiyejua, klasi ni ramani ambayo programu hutumia kuundia vitu. Klasi Mteja inasema kwamba mteja ana jina, namba ya akaunti na salio, na pia inasema ni yapi yanayoruhusiwa kufanywa navyo. Programu kubwa huwa na maelfu ya klasi, zimefungwa ndani ya faili za JAR. Faili hizo huandikwa na watu tofauti, wengine hawajawahi kuonana.

Sasa nenda shule yoyote ya Mombasa umwite Juma. Watageuka watoto sita. Ndiyo maana watu huuliza, Juma wa nani? Juma bin Ali na Juma bin Omar ni watu wawili na hakuna anayeshangaa. Java hufanya vivyo hivyo. Ndani ya mashine pepe yake, klasi haitambuliwi kwa jina peke yake. Hutambuliwa kwa jina pamoja na kipakiaji, yaani kile kipande cha programu kilichosoma faili yake na kuiingiza kwenye kumbukumbu. Tuseme kipakiaji ndicho ubini wake. Faili moja ikisomwa na vipakiaji viwili, zinazaliwa klasi mbili zisizojuana, na kitu cha moja hakipokelewi na nyingine.

Kwa nini waliamua hivyo? Kwa sababu ya apleti. Sun Microsystems walipoitangaza Java mwezi wa Mei 1995, kilichowavutia watu kilikuwa kivinjari cha HotJava, ambacho kiliweza kuvuta programu ndogo kutoka tovuti yoyote na kuiendesha papo hapo ndani ya ukurasa. Tovuti mbili zisizojuana zingeweza kuleta klasi zenye jina moja. Kila tovuti ikapewa kipakiaji chake, na kila apleti ikaishi nyumbani kwake bila kugusa vya jirani. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara. Apleti zenyewe zimeshakufa zamani, lakini uamuzi ule umebaki, na karibu kila ugomvi ninaousimulia hapa chini ni mtoto wake.

Haikuchukua muda kabla nyufa kuonekana. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Drew Dean, Edward Felten na Dan Wallach, walionyesha kwamba apleti ikifanikiwa kujitengenezea kipakiaji chake, inaweza kuvunja ulinzi wote wa lugha. Mwaka uliofuata Vijay Saraswat wa AT&T akatoa waraka wenye kichwa kisichozunguka: Java si salama kwa aina. Hoja yake nitaieleza kwa mfano wetu. Chukua Mteja ambaye salio lake limefichwa, haligusiki kutoka nje. Kisha mtu aandike Mteja mwingine, jina lile lile, ila huyu salio lake liko wazi. Klasi ya tatu iliyopakiwa upande mmoja inampa mwenzake wa upande wa pili kitu cha aina Mteja. Mashine pepe ya wakati ule ililinganisha majina tu pale mikono ilipokutana, ikaona Mteja na Mteja, ikapitisha. Mpokeaji akafungua kitu kwa kufuata ramani isiyo yake, na kilichofichwa kikawa hadharani.

Kwa hiyo mashine ilikuwa na kanuni nzuri ya ubini, lakini mlangoni iliuliza jina tu.

Waliorekebisha jambo hili ni Sheng Liang na Gilad Bracha, wote wa Sun, na waraka wao wa 1998 ni kati ya machache ya kitaaluma ambayo ningemshauri mwanafunzi ayasome kwa raha. Njia ya mkato ingekuwa kupakia klasi zote mapema na kuzilinganisha, lakini hiyo ingeua uvivu mzuri wa Java wa kupakia klasi inapohitajika tu. Wao wakasema: pande mbili zinapoanza kushirikiana na mkataba wao unamtaja Mteja, mashine iandike kwenye daftari kwamba Mteja wa huku na Mteja wa kule lazima wawe mmoja. Isiwapakie bado. Siku yoyote baadaye ikija kupakiwa klasi inayovunja ahadi hiyo, ikataliwe kwa hitilafu iitwayo LinkageError. Mpango huo uliingia katika Java 1.2 ya Desemba 1998 na uko hadi leo. Ukiona seva imekufa ikilalamika kuhusu ahadi ya vipakiaji iliyovunjwa, hilo ndilo daftari la Liang na Bracha linasomwa.

Toleo hilo hilo liliweka pia desturi ya nyumbani: kipakiaji mtoto kikiulizwa klasi, kwanza kimuulize mzazi. Mzazi akiwa nayo, itumike ya mzazi, akikosa ndipo mtoto atafute mwenyewe. Ni heshima ya kawaida, na inahakikisha kwamba klasi za msingi za Java ni moja kwa wote.

Taabu ilianza seva zilipoingia. Seva moja hubeba programu kadhaa, kila moja na maktaba zake. Programu ya mishahara inataka toleo la 2 la maktaba fulani, seva yenyewe inatumia toleo la 1. Kwa desturi ya kumuuliza mzazi kwanza, programu ya mishahara inapewa toleo la 1, inatafuta kitendo ambacho hakimo, inaanguka. Kanuni za Servlet 2.3 za mwaka 2001 zikapendekeza kinyume chake, kwamba programu ya wavuti itangulize maktaba zake kabla ya zile za seva. Tatizo la matoleo likapungua, na lile la Mteja na Mteja likafunguliwa mlango. Sasa nakala mbili za maktaba moja zingeweza kuishi pamoja, moja kwa mzazi na moja kwa mtoto, zikasubiri siku ya kukutana.

Mfano uliowatoa watu jasho ni Commons Logging ya Apache. Kazi yake ilikuwa ndogo mno, kuiwezesha programu kuandika matukio yake bila kujali ni chombo gani kinachoandika. Chombo hicho ilikitafuta yenyewe wakati programu inaendelea, kwa kutumia kipakiaji kilichobebwa na uzi wa kazi. Ikiwa maktaba hii iko kwenye seva na pia ndani ya programu, basi ile ya mzazi huenda ikaokota chombo cha mtoto, na chombo hicho kinaujua mkataba wa nakala ya mtoto. Jina ni moja, ubini ni mwingine, ClassCastException! Ceki Gülcü, aliyeanzisha log4j, aliandika makala ndefu akiorodhesha njia ambazo jambo hili lingeweza kuvunjika, kisha akatengeneza SLF4J ambayo haitafuti chochote kwa ujanja. Fikiria: mfumo wa mamilioni unasimama kwa sababu ya maktaba ya kuandika tu kwamba mfumo umeanza.

Wakati huo huo kulikuwa na kundi lingine lililokuwa limeanzia kusikotarajiwa. Machi 1999 kampuni kadhaa, Ericsson, IBM na Sun zikiwemo, ziliunda OSGi. Nia yao haikuwa seva hata kidogo. Walifikiria kisanduku cha nyumbani kinachounganisha vifaa vya ndani na intaneti, chenye kumbukumbu kidogo, kinachopokea programu kutoka kwa watoa huduma mbalimbali na kuzibadilisha bila kuzimwa. Ukiwa na masharti kama hayo huwezi kumwaga faili zote za JAR kwenye kapu moja ukaomba Mungu. Kila moduli, ambayo wao huiita bando kama hayo mabando tunayonunua kwenye simu, inapewa kipakiaji chake. Na mzazi mmoja wa kuulizwa kila kitu hayupo tena. Badala yake kila bando lina karatasi inayotaja vifurushi vya klasi linavyotoa kwa wengine na vile linavyohitaji, pamoja na matoleo yake. Mashine inasoma karatasi zote, inaunganisha, ndipo kazi inaanza.

Visanduku vya nyumbani havikuleta umaarufu uliotarajiwa. Umaarufu ulikuja Juni 2004, Eclipse 3.0 ilipotupa mfumo wake wa zamani wa programu-jalizi na kujijenga upya juu ya OSGi. Wengi wetu tumetumia OSGi kwa miaka bila kujua, kila tulipofungua Eclipse na kwenda kunywa chai ikijiwasha.

Lakini hatua ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote ni ya Oktoba 2005, toleo la nne la OSGi. Hapo waliruhusu matoleo kadhaa ya kifurushi kimoja kuishi pamoja kwa halali, na wakaongeza tamko moja dogo liitwalo uses. Tuseme bando la Mikopo linatoa huduma ambayo kitendo chake kinarudisha Mteja. Karatasi yake inasema: huduma yangu hutumia kifurushi chenye Mteja. Bando lolote likitaka huduma hiyo na wakati huo huo linamhitaji Mteja, mashine inalazimika kulipatia Mteja kutoka chanzo kile kile cha Mikopo. Isipowezekana, bando haliunganishwi na hali hiyo inaripotiwa kabla kitu chochote hakijaendeshwa.

Unaona kilichotokea? Ni ahadi ile ile ya Liang na Bracha, Mteja wa huku awe Mteja wa kule, ila imetolewa kwenye daftari la ndani na kuwekwa kwenye karatasi ambayo binadamu anaweza kuisoma, na inakaguliwa asubuhi badala ya saa tano usiku. Ugomvi wenyewe haukuondoka. Matoleo mawili yasiyopatana hayawezi kupatanishwa na kanuni yoyote. Kilichobadilika ni saa ya kuujua, na kwa mtu anayelala na simu ya kazi kando ya mto hiyo si tofauti ndogo. Gharama yake ni kwamba lazima uandike karatasi hizo kwa ukweli, na kutafuta muungano unaotosheleza kila bando ni kati ya yale matatizo ambayo wanahisabati huyaita NP-kamili. Mabando yakiwa mengi na karatasi zikiwa za ovyo, ujumbe wa OSGi wa kwa nini imekataa unaweza kuwa mrefu kuliko makala hii.

Ukifikiri haya ni mambo ya California na Ulaya tu, twende Eldoret. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 na watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walipoona uzito wa kazi ya AMPATH, mpango wa matibabu ya virusi vya UKIMWI unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi. Februari 2006 ulianza kutumika pale Eldoret, na Agosti mwaka huo huo ukaanza Rwinkwavu nchini Rwanda. KenyaEMR, ambao uko kwenye vituo vingi vya afya hapa nchini, umejengwa juu yake.

OpenMRS ni kiini kidogo na moduli nyingi: fomu, ripoti, maabara, kila nchi na timu ikiongeza zake. Kila moduli hupewa kipakiaji chake. Msimbo wa kipakiaji hicho hawakuuchukua OSGi, waliuchonga kutoka mradi mwingine uitwao Java Plug-in Framework. Karatasi ipo pia, faili ya config.xml inayotaja moduli zinazohitajika na matoleo yake. Na kuna kitu kimoja kinachonifurahisha kwa sababu kinanuka maisha halisi: moduli inaweza kubeba faili mbili za JAR za kazi ile ile na kueleza kwamba kiini kikiwa cha toleo hili ifunguliwe hii, kikiwa cha toleo lile ifunguliwe ile. Kituo cha mjini kimeshapandisha toleo, cha kijijini bado, moduli ni moja.

Klasi Patient, yaani mgonjwa, hukaa kwenye kiini peke yake. Wanaoandika moduli huelekezwa kutangaza maktaba za kiini kuwa zitatolewa na mwenyeji, ili zitumike wakati wa kujenga lakini zisifungwe ndani ya moduli. Anayeanza kazi huona ni urasimu. Sasa fikiria kila moduli ingekuja na nakala yake. Maabara ingemtoa mgonjwa, fomu ya daktari ingempokea na kusema huyu si mgonjwa ninayemjua mimi. Daktari ana foleni ya watu nje na kioo kinamwonyesha maandishi mekundu ya Kiingereza. Kompyuta ingekuwa sahihi kabisa, na hiyo haimsaidii aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri.

Java yenyewe ilichelewa sana kuwa na moduli. Sun walianza mjadala rasmi mwaka 2005, ukageuka mvutano na watu wa OSGi, ukafa. Mwaka 2008 Mark Reinhold akatangaza mradi wa Jigsaw. Ulikusudiwa kuingia Java 7, ikatoka 2011 bila huo. Ukasogezwa Java 8, ikatoka Machi 2014 bila huo. Mei 2017 kamati ya utendaji inayosimamia viwango vya Java ikapiga kura: 10 ndiyo, 13 hapana. IBM na Red Hat walikuwa kati ya waliokataa. Mwezi mmoja baadaye, baada ya marekebisho, kura zikawa 24 za ndiyo, hapana hakuna, Red Hat wakajizuia, na Java 9 ikatoka tarehe 21 Septemba 2017. Tuliofuatilia kura zile tulikuwa kama tunaangalia matokeo ya uchaguzi.

Jigsaw hukagua mapema, kama OSGi. Moduli ikikosekana, au mbili zikimletea mwenzao kifurushi chenye jina moja, programu haianzi. Lakini hairuhusu matoleo mawili ya moduli moja katika mpangilio wa kawaida, na anayeyataka ajenge tabaka lake mwenyewe. Isitoshe kapu la zamani la faili za JAR limeachwa lifanye kazi kama kawaida, na miradi mingi bado inaishi humo. Wapenzi wa OSGi waliona ni kazi nusu. Mimi nadhani walikuwa na haki kiufundi, ila hakuna lugha yenye programu za miaka 20 zinazolipa mishahara ambayo ingethubutu kulibeba kapu lile likatupwe.

Wengine wameikimbia vita yenyewe. Kila programu hupewa mashine pepe yake, hivyo hakuna jirani wa kugombana naye. Wengine hutumia kifaa cha Maven kinachoandika upya majina ya vifurushi vya maktaba kabla ya kuzifunga, yaani Juma anabadilishwa jina anaitwa Rajabu. Inafanya kazi vizuri, mpaka siku maktaba hiyo ina shimo la usalama na unatafuta ni programu zipi zinayo, ukimwita Juma na haitiki mtu.

Na ule ujumbe wa Mteja na Mteja? Tangu Java 11, ClassCastException hutaja pia moduli na kipakiaji cha kila klasi. Imechukua zaidi ya miaka 20 hitilafu ile kuanza kusema ubini. Wenye seva za zamani zaidi, anzisheni programu na swichi ya -verbose:class, kisha mtafute jina la klasi kwenye orodha ndefu itakayomwagika. Likionekana mara mbili, kutoka faili mbili tofauti, anzieni hapo: ulizeni ni nani aliyeifunga ile ya pili ndani ya moduli yake.